Matundu Mapya ya Masikio: Usikimbilie Kutoboa Wiki ya Mwisho ya Likizo



Shule zikifunga mwezi wa Desemba, kazi ya kutoboa masikio hapa Kampala huongezeka. Wasichana waliokatazwa hereni shuleni mwaka mzima hushuka mjini, pande za Owino na Old Taxi Park, au huingia saluni ya mtaani kwao Katwe, Nsambya au Kabalagala. Wavulana nao siku hizi hawako nyuma. Akina mama waliojifungua hubeba watoto wachanga wakatobolewe kabla ya sikukuu. Na ndugu zetu wa Nakivale, Rwamwanja na Kyangwali wanaokuja mjini kushughulikia karatasi zao hurudi makambini na pini mpya za pua.

Makala hii haikuandikwa kukukataza. Kutoboa, au kutoga kama wanavyosema ndugu zetu wa pwani, ni jambo la zamani kuliko sisi sote. Wanawake wa Lamu na Unguja walivaa majasi na vipini, na Wakaramoja hapa Uganda wametoboa masikio vizazi kwa vizazi. Ninachotaka ujue ni hiki: siku unayolipa pesa na kutoka na hereni, kazi ndiyo kwanza imeanza. Hilo tundu ni kidonda. Kitakuwa kidonda kwa wiki nyingi, na namna utakavyokitunza ndiyo itakayoamua kama utapata urembo au utapata maradhi.

HESABU WIKI KABLA YA KUTOBOA

Ndewe, yaani ile nyama laini ya chini ya sikio, huchukua wiki 6 hadi 8 kupona. Pua huchukua miezi 2 hadi 4, mara nyingine zaidi. Sehemu ya juu ya sikio, ile ngumu inayokunjika na kurudi, inaitwa gegedu, nayo huchukua miezi 3 hadi mwaka mzima. Kitovu huchukua miezi 6 hadi mwaka.

Sasa chukua kalenda. Likizo ndefu ya Uganda huanza Desemba na kwa kawaida muhula wa kwanza hufunguliwa mwanzoni mwa Februari. Hizo ni wiki 8 hivi. Mwanafunzi akitoboa ndewe wiki ya kwanza ya likizo, kidonda kitakuwa kimepona au kimekaribia kupona siku ya kufungua shule. Akitoboa Januari mwishoni ili apendeze kwenye harusi ya shangazi, mwalimu atamwamuru avue hereni kidonda kikiwa bado kibichi. Tundu litaanza kuziba siku hiyo hiyo. Naye kwa kutotaka kupoteza pesa yake atachomeka kijiti cha ufagio na kukificha chini ya skafu. Kijiti kile huacha nyuzinyuzi ndani ya kidonda na hushika uchafu. Masikio mengi yenye usaha yanayoletwa kwetu mwezi wa pili yana kijiti au uzi ndani yake.

Gegedu na kitovu havitapona katika likizo yoyote ile. Kama uko shule inayokataza hereni, subiri umalize masomo. Najua jibu hili halipendwi.

ANAYETOBOA ANATUMIA NINI?

Hatari kubwa ya kutoboa haiko kwenye maumivu. Iko kwenye damu ya mtu aliyekaa kwenye kiti kile kabla yako. Sindano iliyopita katika sikio lake inaweza kubeba virusi vya homa ya ini aina ya B, vya homa ya ini aina ya C, au vya UKIMWI. Kati ya hivyo, homa ya ini aina ya B ndiyo ya kuogopwa zaidi hapa, kwa sababu virusi vyake huweza kuishi nje ya mwili siku 7 au zaidi, katika tone la damu lililokauka ambalo jicho halilioni.

Kwa hiyo kuna sharti moja ambalo halina mjadala: mtu mmoja, sindano moja mpya, ifunguliwe kwenye pakiti mbele ya macho yako. Usipoiona ikifunguliwa, hesabu kwamba si mpya. Dada na mdogo wake pia ni watu wawili, mama na binti ni watu wawili. Nimesikia mara nyingi "sisi ni damu moja", lakini virusi havisomi ukoo.

Wengine hupitisha sindano kwenye moto wa kiberiti au huichovya kwenye spiriti wakidhani imesafika. Moto wa kiberiti huacha masizi na haukai muda wa kutosha. Kuchovya spiriti kwa nukta chache hakuui kila kitu. Kama bibi nyumbani hana budi kutumia sindano yake ya kushonea, basi ichemshwe kwenye maji yanayotokota kwa dakika 20 kamili, sufuria ikiwa imefunikwa, na itolewe kwa mikono iliyonawa kwa sabuni. Hata hivyo sindano mpya ya duka la dawa bei yake haifiki nauli ya boda. Nunua yako, uende nayo.

Halafu kuna kile kibastola cha saluni. Watu wengi hukiamini kwa sababu kinaonekana cha kisasa. Kibastola hakitumii sindano kali. Husukuma pini butu kwa nguvu mpaka ipite. Kwenye ndewe kinaweza kufaa, iwapo pini ni mpya kutoka kwenye pakiti na kile kichwa kinachogusa sikio hubadilishwa kwa kila mteja. Lakini vingi vimetengenezwa kwa plastiki isiyoweza kuchemshwa, na kupangusa kwa kitambaa si kusafisha. Kwenye gegedu au puani usikubali kabisa. Ule mshindo huponda gegedu, na gegedu haina mishipa ya damu ya kuisaidia kupona.

Muulize anayetoboa: atanawa mikono? Atavaa glavu mpya? Atapangusa sikio kwa dawa kabla ya kutoboa? Akikasirika kwa maswali hayo, umeshapata jibu. Kampala ina saluni nyingi. Baadhi ya wauguzi wa kliniki ndogo za mitaani pia hutoboa, na mimi ningeanzia huko.

Kuhusu chanjo: Uganda iliingiza chanjo ya homa ya ini aina ya B katika chanjo za watoto mwaka 2002. Kama ulizaliwa kabla ya hapo, au ulizaliwa wakati wa kukimbia vita na hakuna aliyekuchanja, hesabu kwamba huna kinga. Uliza kituo cha afya kuhusu kupimwa na kuchanjwa. Chanjo ya mtu mzima ni dozi 3 kwa muda wa miezi 6. Uliza pia kuhusu pepopunda.

Na kama umekwisha kutobolewa kwa sindano iliyotoka kwa mtu mwingine? Usikae na wasiwasi kimya kimya. Uwezekano wa kupata virusi vya UKIMWI kwa njia hiyo ni mdogo, lakini upo, na kuna dawa za kuzuia zinazotolewa baada ya tukio. Dawa hizo lazima zianze ndani ya saa 72 na zinywewe siku 28. Ukienda siku ya nne umechelewa. Nenda kituoni siku hiyo hiyo ueleze ilivyokuwa.

MTOTO MCHANGA

Mama, najua wanavyokuambia jirani: mtobolee akiwa mdogo, hatakumbuka maumivu. Ni kweli hatakumbuka. Lakini mtoto wa wiki mbili bado hajapata chanjo yake mwenyewe ya pepopunda, na pepopunda huingia kwa kidonda kidogo tu. Hapa Uganda mtoto huchanjwa akiwa na wiki 6, wiki 10 na wiki 14, na katika sindano hizo zimo kinga za pepopunda na za homa ya ini aina ya B. Subiri sindano ya wiki 14 ipite, ndipo umtoboe. Miezi mitatu na nusu haitamharibia mtoto wa kike sura.

Ukimtoboa, usimpake majivu, kinyesi cha ng'ombe, wala udongo. Vitu hivyo ndivyo vyenye vijidudu vya pepopunda. Mvalishe pini ndogo yenye kifungo cha kukaza nyuma, siyo bangili ya kuning'inia, kwani vidole vyake vitaivuta mpaka sikio lichanike, na ikianguka ataitia mdomoni.

HERENI YA KWANZA

Hereni ya kwanza ndiyo isiyotakiwa kuwa rahisi. Zile zinazong'aa kama dhahabu barabarani mara nyingi zina madini ya nikeli ndani, na nikeli huwasha ngozi za watu wengi. Sikio huwa jekundu, huwasha na kutoa majimaji, nawe unadhani ni uchafu kumbe ni hereni yenyewe. Dhahabu halisi ya karati 14 au zaidi, titaniamu, au chuma cha pua cha hospitali ndivyo vinavyofaa. Kama pesa ni ya hereni moja nzuri tu, nunua jozi moja nyepesi yenye mguu mrefu kidogo, ukae nayo mpaka upone. Mapambo mengine utayavaa baadaye.

Nimesema mguu mrefu kwa sababu sikio litavimba siku za kwanza. Kifungo kikibanwa mno, nyama huvimba na kukimeza. Pabaki na nafasi ndogo mbele na nyuma.

Na uzi? Bibi zetu walitumia uzi na wengi walipona. Lakini uzi hunyonya maji na jasho na haukauki. Kama ni lazima, usikae na uzi zaidi ya siku chache.

KUTUNZA KIDONDA

Hapa hakuna dawa ya gharama. Chemsha maji, yaache yapoe. Katika chupa safi ya nusu lita tia nusu kijiko cha chai cha chumvi, kijiko cha kusawazisha, si cha kilima. Usizidishe ukidhani ndiyo dawa kali. Chumvi nyingi hukausha na kuunguza kidonda. Tengeneza mapya kila siku.

Nawa mikono kwa sabuni. Lowesha kipande cha kitambaa safi kilichopigwa pasi, au pamba, ukiweke juu ya kidonda mbele na nyuma kwa dakika chache mpaka ukoko ulainike wenyewe. Usiubandue kwa ukucha. Kausha kwa kugusa taratibu. Fanya hivyo asubuhi na jioni, basi. Anayesafisha mara sita kwa siku anajichelewesha mwenyewe.

Zamani tuliambiwa tuizungushe hereni kila siku isishikamane. Ushauri huo sasa umeachwa. Ukiizungusha unairarua ngozi changa iliyoanza kuota ndani ya tundu. Iache.

Usitie spiriti kila siku, wala dawa ya meno, wala mafuta ya taa. Na tafadhali usifungue kapsuli za rangi mbili na kunyunyiza unga wake juu ya kidonda. Mtindo huo umeenea katika mitaa yetu yote, kwa Wakongomani, Warundi na Waganda pia. Unga ule hutengeneza ukoko mgumu juu, usaha ukabaki chini, na vijidudu hujifunza kuizoea dawa ambayo kesho utaihitaji.

Mambo ya kila siku ndiyo yanayosahaulika. Lalia upande mwingine, na fua foronya kila wiki. Simu yako iliyopita mikononi mwa watu wote wa nyumba usiibandike kwenye sikio bichi. Suka nywele kabla ya kutoboa, siyo wiki ileile baada ya kutoboa. Msusi atavuta, na dawa ya kulainisha nywele ikiingia kwenye kidonda utajuta. Dada zetu wa Kisenyi wanaovaa hijabu wachague kitambaa laini kisichonasa, wakibadilishe kila siku, na wakivue kwa kukiinua, siyo kukivuta.

UVIMBE UPI NI WA KAWAIDA?

Siku 3 hadi 5 za kwanza, wekundu kidogo, joto kidogo na majimaji meupe yanayokauka kama chembe ni mambo ya kawaida. Maumivu yanapaswa kupungua kila siku. Yakianza kuongezeka baada ya kupungua, hiyo ni alama. Usaha wa njano au kijani wenye harufu, sikio lililovimba likawa na moto, homa, au tezi zilizotokeza shingoni: nenda kituoni.

Usivue hereni kwa uamuzi wako. Watu wengi wakiona usaha hukimbilia kuivua. Tundu huziba juu na usaha hufungiwa ndani ukawa jipu. Hereni huacha njia ya usaha kutoka. Mwache mhudumu aamue.

Sasa sikiliza vizuri kuhusu gegedu, kwa sababu hapo ndipo watu hupoteza sikio. Gegedu ikiingiwa na vijidudu, sehemu yote ya juu ya sikio huvimba, huwa nyekundu na huuma ukiigusa, lakini ndewe ya chini hubaki kama kawaida. Mara nyingi kijidudu chake ni kile kinachoishi majini, kiitwacho sudomonasi. Hakisikii kapsuli za amoksilini ambazo duka la dawa la mtaani hukupa kwanza.

Mwaka 2000, katika jimbo la Oregon huko Marekani, watu waliotobolewa kwenye kibanda kimoja cha vito walianza kuugua. Wataalamu waliwafuatilia watu 118. Watu 7 walithibitishwa kuwa na kijidudu hicho na wengine 18 walishukiwa. Wote 7 walikuwa wametobolewa kwenye gegedu kwa kibastola. Kijidudu kilikutwa ndani ya chupa ya dawa ya kusafishia iliyokuwa ikitumika pale pale. Wanne walilazwa na kupasuliwa, na baadhi yao walibaki na masikio yaliyoharibika umbo. Hiyo ni nchi yenye maji ya bomba na hospitali kila mahali.

Katika mtaa ninaohudumia hapa Kampala, mwanafunzi mmoja wa kidato cha tatu alipitia njia hiyo hiyo. Alinunua kapsuli mara tatu, kila mara za rangi nyingine, kwa sababu kwenda kituoni kulimaanisha mama yake angejua. Siku ya tisa sikio lilikuwa limesimama mbali na kichwa. Hospitalini walitoa usaha na sehemu ya gegedu. Ameponea, lakini sikio limejikunja juu kama jani lililoungua. Wazazi, mjue kwamba mtoto anayeogopa kipigo huficha kidonda. Na wewe kijana, gegedu iliyovimba haingoji: nenda siku ya kwanza au ya pili, ueleze wazi kwamba ni sehemu ngumu ya sikio iliyotobolewa, ili upewe dawa inayofaa.

KOVU LINALOKUA

Baadhi yetu tuna ngozi inayotengeneza kovu linaloendelea kukua hadi likawa kubwa kuliko kidonda chenyewe, wakati mwingine kama punje ya harage au zaidi. Linaitwa keloidi. Huwapata zaidi watu weusi, hasa kati ya miaka 10 na 30, na hutembea katika ukoo. Siyo uchawi wala siyo kansa. Ukiwa nayo kifuani au begani, au mama na ndugu zako wanayo, fikiri mara mbili kabla ya kutoboa. Na gegedu achana nayo kabisa. Likianza kuota, usilikate kwa kiwembe. Likikatwa hivyo hurudi kubwa zaidi. Hospitalini huchomwa sindano za kulipunguza, na likikatwa huko hufuatiwa na tiba ya kulizuia lisirudi. Likiwahiwa dogo ni rahisi zaidi.

Ulimi na midomo sitavizungumzia sana. Ulimi huvimba mno siku za mwanzo, pini yake huvunja meno, na mtu akivimba koo usiku huko makambini gari la wagonjwa halifiki mara moja. Mimi sishauri.

UKIFIKA KITUONI

Vituo vya serikali Uganda viliacha kutoza ada mwaka 2001, na mkimbizi hutibiwa pamoja na raia. Kwa hapa Kampala kuna Kisenyi, Kitebi, Kisugu, Kawaala na Kiswa, na kwa matatizo makubwa watakuandikia kwenda Kiruddu au Mulago. Dawa ikiwa imeisha utaandikiwa ukanunue. Nunua ile iliyoandikwa, kwa siku zote zilizoandikwa. Walio makambini waanzie kituo cha afya cha karibu au kwa mhudumu wa VHT wa eneo lao.

Wengi wetu hukwama kwa lugha, kisha hurudi nyumbani bila kuhudumiwa. Haya maneno ya Kiganda yatakusaidia. Kwa anayetoboa sema "Nsaba empiso empya", yaani naomba sindano mpya. Kwa muuguzi sema "Okutu kunnuma", sikio linaniuma. "Kulimu amasira", lina usaha. "Nnina omusujja", nina homa. Fika asubuhi mapema kwa sababu foleni ni ndefu, na beba daftari dogo la shule: humo ndimo watakamoandika matibabu yako, na utaliitisha tena utakaporudi kuonwa.